Biti imara ya kukatia hadibodi: Ya bei rahisi inapomgharimu fundi zaidi

MCHAGUA jembe si mkulima, wahenga walinena. Hata hivyo, methali hiyo haimfai seremala anayekata hadibodi kwa mashine ndogo ya umeme ya kuzungusha biti. Kwake yeye, kutochagua ndiko kunakomtia hasara.

Katika karakana za Gikomba, katika vibanda vya samani vilivyopanga foleni kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi na kwingineko nchini, mashine hizi za mkono zimepata umaarufu kwa sababu zinaweza kufanya kazi ambazo msumeno hauwezi. Zinakata tundu la kupitishia waya nyuma ya kabati la televisheni, zinachonga mapambo yenye mikunjo na kutoboa vishikio vya droo bila kuanzia pembeni mwa ubao.

Lakini malalamiko ya mafundi hufanana. Biti mpya huingia kwenye ubao kama kisu kwenye siagi, na baada ya mita chache huanza kutoa moshi. Kingo za ubao hugeuka rangi ya kahawia, fundi hulazimika kusukuma kwa nguvu, na hatimaye biti hukatika. Wengi huilaumu mashine, wengine huulaumu ubao. Ukweli ni kwamba mara nyingi kosa lilifanyika dukani, au katika namna biti ilivyotumiwa.

Ubao usio wa kawaida

Ili kuelewa kwa nini biti huchakaa upesi, sharti kwanza mtu aelewe hadibodi ni kitu gani. Ubao huu haukupasuliwa kutoka kwa gogo jinsi mvule au mkangazi unavyopasuliwa. Hutengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizotenganishwa, zikatandazwa na kushindiliwa kwa joto na shinikizo kubwa hadi zikashikana.

Aina iliyopata sifa zaidi ilibuniwa na Mmarekani William H. Mason mwaka wa 1924 katika mji wa Laurel, jimbo la Mississippi. Mason alitumia vipande vya mbao vilivyokuwa vikitupwa na viwanda vya kupasulia magogo. Vipande hivyo vilitiwa ndani ya mvuke wenye shinikizo kubwa, kisha shinikizo likaachiliwa ghafla, navyo vikafumuka na kuwa nyuzi. Nyuzi hizo zilipobanwa kwa joto, lignini, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti tangu ukiwa shambani, kilifanya kazi ya gundi. Viwanda vingine huongeza gundi ya kutengenezwa ili kuupa ubao nguvu zaidi.

Matokeo yake ni ubao mwembamba lakini mzito. Mita moja ya ujazo ya hadibodi huwa na uzani wa kilo 800 hadi zaidi ya 1,000, ilhali ubao wa nyuzi wa msongamano wa kadiri, ambao mafundi huuita MDF, kwa kawaida huwa kati ya kilo 600 na 800. Hadibodi inayouzwa sana ina unene wa milimita 3 hivi na hupatikana kwa karatasi za futi nane kwa nne. Mara nyingi uso mmoja ni laini, na wa pili una alama za wavu ambao ulipitisha maji wakati wa kuutengeneza.

Msongamano huo ndio adui wa kwanza wa biti. Adui wa pili ni gundi, ambayo ikishakauka huwa ngumu na kukwaruza makali. Adui wa tatu ni chembechembe za mchanga na madini mengine zinazoweza kunaswa ndani ya nyuzi wakati wa utengenezaji. Kwa makali ya biti, kukata hadibodi ni sawa na kusuguliwa kwa msasa mwembamba maelfu ya mara kila dakika.

Adui wa nne, na pengine mbaya kuliko wote, ni joto. Mbao haipitishi joto haraka jinsi chuma kinavyofanya. Kwa hivyo joto linalotokana na msuguano haliendi popote ila kwenye biti yenyewe. Lisipoondolewa pamoja na vumbi, makali hulegea, nayo gundi ya ubao huyeyuka na kugandamana katika mifereji ya biti.

Feleji au kabaidi?

Biti nyingi zinazouzwa madukani huwa za makundi mawili makuu, na hapa ndipo uamuzi wa kwanza unapofanyika.

Kundi la kwanza ni la feleji ya kasi, ambayo hutambuliwa kwa herufi HSS. Feleji hii ilitokana na majaribio ya Wamarekani Frederick Taylor na Maunsel White mwishoni mwa karne ya 19. Sifa yake ni kuhifadhi ugumu hata inapopata joto la nyuzi 600 hivi za Selsiasi, tofauti na feleji ya kawaida ambayo hulegea mapema sana. Biti za HSS ni za bei nafuu, huvumilia mtikisiko wa mkono na hazivunjiki ovyo. Udhaifu wake ni kwamba msuguano wa hadibodi huzila haraka.

Kundi la pili ni la kabaidi ya tangsteni. Hapa, punje ndogo sana za madini hayo magumu huunganishwa kwa kobalti na kuchomwa hadi zikawa kitu kimoja. Mbinu hiyo ilivumbuliwa nchini Ujerumani mwaka wa 1923, na miaka michache baadaye kampuni ya Krupp ikaanza kuuza zana zake kwa jina Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Jina hilo halikuwa la kujitapa bure. Kabaidi ni ngumu kuliko feleji yoyote, na ugumu wake haupotei upesi inapopata joto.

Kwa yeyote anayekata hadibodi mara kwa mara, kabaidi ndiyo chaguo. Hata hivyo, ina kasoro moja ambayo muuzaji huenda asiitaje. Kadiri kitu kinavyozidi kuwa kigumu, ndivyo kinavyozidi kuvunjika kama kioo. Biti ya kabaidi ikianguka kwenye sakafu ya saruji, ikipindishwa ndani ya ubao, au mashine ikitikisika, huweza kukatika mara moja. Fundi asiye na mkono uliotulia, au mwenye kazi ya kukata tundu moja tu nyumbani kwake, huenda akanufaika zaidi kwa biti ya HSS.

Zipo pia biti zilizopakwa unga wa almasi. Licha ya jina hilo kubwa, hizo zilitengenezewa vigae, kioo na mawe. Hazina mifereji ya kutolea takataka, kwa hivyo zikiingizwa katika hadibodi huziba na kuanza kuchoma badala ya kukata. Vivyo hivyo, biti zilizokusudiwa kukata ubao wa jasi wa kutengenezea kuta na dari hazifai, kwa maana jasi ni laini na makali yake hayakuandaliwa kwa kazi hii.

Mnunuzi asidanganywe na rangi vilevile. Biti nyingi hung'aa rangi ya dhahabu kutokana na utando wa titani, ambao ukipakwa vyema huongeza maisha ya makali. Lakini utando huo ni mwembamba mno, wala hauwezi kugeuza feleji hafifu kuwa bora. Tena rangi ni kitu rahisi kuigwa.

Umbo la biti

Baada ya madini, huja umbo. Makali ya biti huweza kuwa yamenyooka au yamesokotwa. Yaliyosokotwa hukata kidogo kidogo bila kugonga, na hivyo hupunguza mtikisiko.

Msokoto nao una mwelekeo. Biti inayovuta juu hutoa vumbi kutoka ndani ya mkato na kulileta karibu na mashine. Faida yake ni kwamba biti haipati joto sana, ila huinua nyuzi za uso wa juu na kuuacha na manyoya. Inayosukuma chini hubana nyuzi hizo na kuacha uso wa juu ukiwa safi, lakini vumbi hubaki ndani ya mkato na kuongeza joto.

Kwa hadibodi ya milimita 3, ambayo biti huipenya yote na vumbi kupata njia ya kutokea upande wa chini, inayosukuma chini hufaa, uso laini ukiwa juu. Kwa ubao mnene zaidi, au kwa kuchimba mfereji usiotokeza upande wa pili, inayovuta juu ndiyo salama kwa makali.

Kuhusu idadi ya makali, mengi si lazima yawe bora. Biti yenye makali mawili ina mifereji mipana ya kutolea vumbi. Ile yenye vijino vingi vidogo mfano wa gunzi la mahindi hupunguza mvutano mkononi, ila mkato wake huwa na kingo zinazohitaji kupigwa msasa.

Fundi asisahau kupima shina la biti. Mashine nyingi za aina hii hupokea shina la milimita 3.2, yaani sehemu moja ya nane ya inchi. Lakini madukani kumejaa pia biti za milimita 3 kamili ambazo kwa macho hazina tofauti. Biti ya milimita 3 ikibanwa katika mdomo wa 3.2 huweza kuteleza au kuyumba, na kuyumba ndiko kunakovunja kabaidi.

Jinsi ya kutambua biti ghushi

Kenya ilipitisha Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi mwaka wa 2008, lakini mnunuzi angali mlinzi wa kwanza wa mfuko wake. Biti ya feleji iliyoandikwa kabaidi haiwezi kutambuliwa kwa macho pekee. Kuna njia moja rahisi: uzani.

Kabaidi ni nzito karibu mara mbili ya feleji. Kipande cha milimita 3.2 kwa upana na milimita 38 kwa urefu kikiwa cha feleji huwa na uzani wa gramu 2.4 hivi. Kikiwa cha kabaidi tupu hukaribia gramu 4.5. Mifereji hupunguza uzani huo kidogo, lakini tofauti hubaki kubwa. Mizani ndogo kama ile ya sonara hutosha kufichua ukweli. Kipimo hiki kinahusu biti ambayo ni kabaidi yote, si ile yenye shina la feleji na ncha tu ya kabaidi.

Isitoshe, makali yachunguzwe chini ya mwanga mkali. Makali mazuri hayaonyeshi mstari mweupe ung'aao wala mapengo. Mstari unaong'aa ni ishara kwamba makali yamekuwa butu au hayakunolewa vyema kiwandani.

Hesabu inayosahaulika

Mafundi wengi huuliza bei ya biti. Swali ambalo lingewafaa zaidi ni hili: mita moja ya mkato inagharimu pesa ngapi?

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, fundi amepata kazi ya makabati ambayo kwa jumla inahitaji mita 40 za mikato yenye mikunjo. Biti ya Sh200 ikidumu kwa mita 8, atahitaji tano, ambazo ni Sh1,000. Akinunua moja ya Sh1,000 inayodumu kwa mita 100, atatoa pesa zile zile, lakini kazi itakapokwisha atakuwa amebaki na mita 60 kwenye sanduku lake la zana. Kwa kila mita, ya kwanza imemgharimu Sh25 na ya pili Sh10.

Hesabu hiyo haijagusa muda wa kubadilisha biti mara nne, msasa wa kuondoa kingo zilizoungua wala karatasi ya hadibodi iliyoharibika biti ilipokatika katikati ya kazi. Haijagusa pia mteja anayekataa kulipa kwa sababu kabati lake lina alama za moto. Kwa fundi ambaye faida yake yote ni shilingi elfu chache, hayo ndiyo huamua iwapo mwisho wa juma atarudi nyumbani na kitu au mikono mitupu.

Bila shaka mita hizo hutofautiana kulingana na ubao, mashine na mkono wa mtumiaji. Kwa sababu hiyo, kila fundi anafaa kuwa na daftari. Aandike siku aliyonunua biti, bei yake na mita alizokata kabla ya moshi kuanza. Baada ya biti tatu au nne, daftari hilo litamshauri vyema kuliko muuzaji yeyote.

Mwendo wa mkono

Hata biti bora hufa mapema mikononi mwa asiyejua mwendo. Kosa lililoenea sana ni kuzungusha mashine kwa kasi ya mwisho huku mkono ukienda polepole, kwa imani kwamba upole hulinda makali. Ukweli ni kinyume chake.

Mashine inapofanya mizunguko 20,000 kwa dakika na biti ina makali mawili, ubao hukatwa mara 40,000 kila dakika. Mkono ukisogea mita moja katika muda huo, kila kali huondoa sehemu nyembamba ya milimita 0.025. Lakini mashine ikipandishwa hadi mizunguko 30,000 na mkono upunguzwe hadi nusu mita, kila kali huondoa milimita 0.008 tu. Unene huo ni mdogo mno kiasi kwamba makali hayakati tena, bali yanasugua. Kusugua huzaa joto, nalo joto huzaa moshi.

Kwa hivyo, fundi aanze kwa kasi ya kadiri na kusogeza mkono mfululizo bila kusitasita. Asikilize sauti. Mlio mwembamba wa kupiga kelele humaanisha biti inasugua, basi aongeze mwendo wa mkono au apunguze kasi ya mashine. Ngurumo nzito inayofifia humaanisha mashine imelemewa, basi apunguze nguvu.

Kina cha mkato kwa awamu moja kisizidi upana wa biti. Kwa biti ya milimita 3, hadibodi ya milimita 6 ikatwe kwa awamu mbili. Ubao ubanwe imara kwa jiliwa au klampu, na chini yake kuwekwe kipande cha ubao kuukuu ili usitikisike. Anapokata tundu, fundi asogeze mashine kwa kufuata mwelekeo wa mishale ya saa. Kwa njia hiyo, ukingo wa tundu unaobaki hukatwa vizuri na biti hairuki ovyo.

Ipo pia mbinu inayoongeza maisha ya biti bila gharama yoyote. Hadibodi ya milimita 3 hutumia milimita 3 tu za makali, hata kama makali hayo yana urefu wa milimita 12. Sehemu hiyo ikianza kuwa butu, mtumiaji anaweza kubadilisha kina cha biti kwa kusogeza kizuizi cha mashine, ili sehemu mpya ya makali ikutane na ubao. Biti moja huweza kutumiwa hivyo mara tatu au zaidi kabla ya kutupwa.

Baada ya kazi, utando wa gundi uliogandamana uondolewe kwa mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, mbali na moto, kisha biti ikaushwe. Isichomwe wala kukwaruzwa kwa kisu. Biti zihifadhiwe kila moja mahali pake, kwa sababu kabaidi zikigongana ndani ya kopo moja humegana makali.

Aidha, si kila mkato unahitaji mashine hii. Mstari mrefu ulionyooka hukatwa vyema kwa msumeno wa meno madogo. Biti iachiwe matundu na mikunjo.

Usalama kwanza

Vumbi la hadibodi ni jembamba kiasi cha kuelea hewani kwa muda mrefu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka wa 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Biti butu huzidisha hatari hiyo, kwani hutoa unga mwembamba zaidi pamoja na moshi wa gundi inayoungua.

Barakoa halisi ya kuzuia vumbi, wala si kitambaa, pamoja na mahali penye hewa ya kutosha, si anasa. Miwani ya kukinga macho ni ya lazima, hasa kwa anayetumia kabaidi, kwa sababu kipande kinachokatika katika mizunguko 20,000 kwa dakika hakimpi mtu nafasi ya kukwepa. Nayo plagi itolewe kwenye umeme kabla ya kubadilisha biti, hata kama ni kwa sekunde chache.

Wahenga hao hao waliosema mchagua jembe si mkulima walisema pia kwamba rahisi huvunja upishi. Kwa fundi wa hadibodi, methali hii ya pili ndiyo ya kubandika ukutani mwa karakana.